Shangazi, nitengeneze IST yangu au nikope ninunue nyingine?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi mwenye miaka 38, ninaishi Kimara, Dar es Salaam, na mume wangu na watoto wetu wawili. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, namba C, niliyoinunua kwa akiba yangu kabla sijaolewa. Imeshatembea zaidi ya kilomita 240,000. Inakula oili, asubuhi gia zinachelewa kuingia, na mwezi uliopita ilichemsha usiku nikitoka zamu, nikakaa pembeni ya Barabara ya Morogoro mpaka mume wangu alipokuja kwa bodaboda. Fundi ameniandikia shilingi 3,400,000 za injini ya mtumba, gia boksi ya mtumba, rejeta na shokapu. Mume wangu anasema hizo ni pesa za kutupa. Dalali yuko tayari kutoa 4,500,000 kwa gari lilivyo, na mume wangu anataka nichukue mkopo wa mshahara wa 12,000,000, nikatwe 430,000 kila mwezi kwa miaka mitatu, tununue IST nyingine yadi kwa 16,500,000, na kadi iandikwe jina lake kwa kuwa yeye ndiye atakayefuatilia. Nilipoomba muda wa kufikiri alinuna, na hadi leo hatuzungumzi vizuri. Nalipenda gari langu, lakini sitaki ndoa yangu iharibike kwa sababu yake. Nifanye nini?*
*— Muuguzi wa Kimara*

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na jibu langu ni kwamba usitie saini mkopo huo sasa, wala usimpe fundi huyo shilingi 3,400,000. Mimi naelekea upande wa kulitengeneza gari, kwa masharti nitakayoyaeleza. Lakini kabla ya kufika huko, naomba tumtendee haki mumeo, kwa sababu katika barua yako amesimama kama mtu anayekunyang'anya kitu, na mimi sidhani kwamba hiyo ndiyo picha kamili.

Yeye ndiye aliyetoka usiku kwa bodaboda kukutafuta, akijua kwamba mama wa watoto wake yuko peke yake kando ya barabara kuu. Anaposema gari liuzwe, huenda anachosema hasa ni kwamba hataki usiku ule ujirudie, na katika hilo ana haki kabisa. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha uamuzi wenu kisiwe pesa, bali kiwe kama gari hili linaweza kuaminiwa kukufikisha nyumbani saa nane za usiku. Kama haliwezi kufikishwa hapo kwa gharama mnayoimudu, liuzwe, hata kama unalipenda.

Sasa tuje kwa fundi. Wewe ni muuguzi, na unajua kwamba mgonjwa hapelekwi chumba cha upasuaji kabla ya vipimo, lakini gari lako limeandikiwa injini na gia boksi bila barua yako kutaja kipimo hata kimoja. Matatizo matatu uliyoyataja, kila moja lina chanzo cha bei nafuu na chanzo cha bei kubwa, na kuvitofautisha si kazi ngumu kwa fundi mwenye vifaa.

Anza na kuchemsha, kwa kuwa ndiko kulikokuacha barabarani. Injini za IST, za sentimita za ujazo 1,300 na 1,500, zina bloku na kichwa cha aluminiamu, ambayo ikipata joto kupita kiasi hupinda, na hapo ndipo gasketi huungua. Lakini chanzo cha joto lenyewe mara nyingi ni rejeta iliyoziba kwa kutu baada ya miaka ya kujazwa maji ya bomba badala ya kulanti, au feni isiyowaka, au themostati, kile kifaa kinachorekebisha joto la injini, ambayo fundi fulani aliitoa zamani kwa kuamini kwamba nchi yetu ya joto haiihitaji. Mwombe fundi apime presha ya mfumo wa maji, aangalie kama kuna mapovu kwenye rejeta injini ikiwa inawaka, na akague oili, kwa maana oili iliyoingiliwa na maji hugeuka rangi ya maziwa. Ikiwa hayo yote ni safi, basi ulizima gari kwa wakati, na gharama yako ni ya rejeta na vitu vyake vidogo, wala si ya injini.

Kuhusu oili, kabla ya kukubali kwamba injini imekufa, pima mwenyewe. Ijaze hadi alama ya juu ya kijiti, andika kilomita, kisha angalia baada ya kilomita 1,000. Ikiwa imepungua kama lita moja nzima, hali ni mbaya. Ikiwa imepungua kidogo tu, gari la umri huo unaweza kuishi nalo kwa kuongeza oili na kukagua kijiti kila wiki. Tazama pia moshi. Ule wa buluu unaotoka kidogo unapowasha asubuhi kisha ukaisha, kwa kawaida unatokana na sili za valvu, ambazo si ghali. Ule unaotoka kila unapokanyaga mafuta unaelekeza kwenye ringi za pistoni, na hapo kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kitamaliza ubishi. Na usisahau kuangalia chini ya gari panapoegeshwa, kwa sababu oili nyingine haiungui, inavuja tu kwenye gasketi. Injini hizi hutumia cheni ya taimingi, si mkanda, na cheni hiyo hudumu sana ikiwa oili imekuwa ikibadilishwa kwa wakati. Hili ni jambo ambalo wewe unalijua kuhusu gari lako, na hutalijua kamwe kuhusu gari la yadi.

Gia kuchelewa asubuhi tu, kisha zikakaa sawa, mara nyingi huanzia kwenye haidroliki, yaani oili ya gia boksi, iliyopungua, iliyozeeka, au isiyo ya aina yake. Gia boksi ya IST ya miaka hiyo hutumia haidroliki ya Toyota aina ya T-IV, na kwenye gereji zetu huwekwa yoyote iliyopo. Ikaguliwe rangi na harufu: ikiwa nyeusi, inanuka kuungua na ina vipande vya chuma, gia boksi hiyo imekwisha na uitafute nyingine, ikiwa imechafuka tu, ibadilishwe kwanza, uendeshe, uone.

Kuna sharti moja ambalo sitalilegeza. Gari linyanyuliwe, na fundi akague kwa bisibisi chini ya milango, sehemu za kuwekea jeki, na pale shokapu zinaposhika bodi. Hewa ya pwani yetu ina chumvi, na kutu ikishaingia kwenye maungio hayo, hakuna injini itakayokulinda katika ajali. Bodi ikiwa imeoza huko, liuze bila kuumia moyo. Hapohapo uliza kuhusu mifuko ya hewa, kwa kuwa magari mengi ya Kijapani ya miaka hiyo yalifungwa vilipuzi vya kuijaza mifuko hiyo vya kampuni ya Takata, ambavyo huharibika kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi, na vimewaua watu katika nchi mbalimbali. Namba ya chasi yako inaweza kutafutwa kwenye tovuti ya Toyota ya Japani kuona kama liliitwa kurudishwa kwa ajili ya kasoro hiyo na kama lilirekebishwa. Fanya hivyo hata kwa gari lingine lolote mtakalolifikiria.

Mumeo anajenga hoja kwamba si busara kuweka milioni tatu na zaidi kwenye gari la milioni nne na nusu. Hoja hiyo ina nguvu kwa mtu anayetengeneza ili auze. Wewe unatengeneza ili uende kazini, na swali linalokuhusu ni kila njia itakugharimu kiasi gani kwa mwaka. Makato ya 430,000 kwa miezi 36 ni shilingi 15,480,000. Umekopa 12,000,000, kwa hiyo riba peke yake ni 3,480,000, nayo inazidi kidogo hesabu yote ya fundi ambayo mumeo ameiita pesa za kutupa. Kwa mwaka mmoja utakatwa 5,160,000, kabla hujanunua mafuta, bima wala tairi, na makato hayo hayataacha kuja mwezi ambao mtoto anahitaji ada.

Na hizo pesa zinanunua nini? Ikiwa IST mnayoiwaza ni ya umbo kama la kwako, toleo hilo lilitengenezwa kati ya mwaka 2002 na 2007, kwa hiyo nalo lina zaidi ya miaka 10. Kwetu Tanzania, gari la umri huo linapoingia hutozwa asilimia 30 ya ziada kwa ajili ya uzee wake, mbali na ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Sehemu kubwa ya bei ya yadi, basi, ni kodi. Mtakuwa mmeacha gari la zamani ambalo historia yake unaijua na kuchukua la zamani ambalo hamjui lilibadilishwa oili lini, wala kama kilomita zinazosomeka ni za kweli. Mkopo huo ungekuwa na maana zaidi kama ungewapeleka kwenye gari la umri mdogo kwa miaka kadhaa, na kwa 16,500,000 sioni kama mtafika huko.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Lipeleke kwa fundi wa pili ambaye hatauza injini wala gia boksi, umlipe kwa kupima tu. Ikiwa matengenezo ya kweli, pamoja na breki na tairi, hayazidi kama milioni mbili na bodi ni nzima, tengeneza, na kila mwezi weka 200,000 kwenye SACCOS ya kazini kwenu kwa ajili ya gari lijalo. Kwa miaka mitatu hiyo ni 7,200,000 zisizo na riba ya mtu. Ikithibitika kwamba injini na gia boksi zote zimekwisha, mumeo atakuwa amesema kweli kuhusu kuuza, na umwambie hivyo kwa kinywa chako. Hata hivyo, gari la kununua liwe la bei inayopunguza mkopo huo angalau kwa nusu.

Kuhusu kadi, sitazunguka. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinachukulia kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mume au la mke ni ya mwenye jina hilo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mkopo ukikatwa kwenye mshahara wako, kadi iandikwe jina lako. Kazi ya kufuatilia usajili anaweza kukufanyia bila jina lake kuwemo. Simwiti mumeo mwenye hila, na huenda hajalifikiria kabisa. Mweleze kwa upole, mkiwa wawili, siyo mbele ya shemeji wala watoto.

Na zungumza naye kabla ya gari kwenda kupimwa, si baada. Mwambie kwamba usiku ule uliogopa, na kwamba unajua naye aliogopa. Kisha mwombe yeye achague fundi wa pili na aende nawe, ili majibu yakitoka yawe yenu wote. Wakati gari liko gereji, mwendokasi kutoka Kimara itakupeleka zamu za mchana, na kwa zamu za usiku tafuta dereva mmoja wa teksi mnayemjua nyumbani. Mkiishia kuuza, msimkabidhi dalali funguo kabla umiliki haujahamishwa TRA, kwa sababu faini za barabarani hufuata namba ya gari, na namba hiyo bado itasoma jina lako.