Naogopa kutolewa kwenye grupu na hata sijakosa

SWALI: Assalaam aleikum shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Likoni, nauza mahamri na kaimati kwa oda. Niko kwenye grupu ya WhatsApp ya akina mama wauzaji, tumepita mia tatu, na sheria ziko pale juu: biashara Ijumaa tu, hakuna siasa, hakuna kufowadi, hakuna meseji baada ya saa tatu usiku. Juzi mwenzetu mmoja aliposti madera Jumanne akatolewa hapo hapo, sote tukaona. Tangu siku hiyo mimi roho juu juu, naandika nafuta, nikituma hata stika naangalia nani kaisoma na mbona kanyamaza, mtoto akishika simu namnyang'anya. Sasa wateja wanataka kujua Alhamisi jioni kama kesho kuna mzigo, nami sijui Alhamisi usiku ni Ijumaa ama sio Ijumaa. Picha ninayo tayari, nzuri sana, mtoto wa jirani katoka shule kashika hamri anacheka. Niiposti ama ninyamaze tu nisije nikakosea?
Mama wawili, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, na pole. Nimeona unaogopa sana pale pasipo na jambo, na pale penye jambo lenyewe umepita mbio. Nitafika huko.

Hilo swali la Alhamisi ni swali la maana kuliko unavyodhani. Huku kwetu jua likizama Alhamisi tushaingia usiku wa Ijumaa, watu wanasoma Yasini majumbani, lakini simu inabadilisha siku saa sita usiku na huenda admini wako anafuata simu, ama hajawahi hata kulifikiria hilo. Sheria haikusema, kwa hivyo hapo wewe huna kosa la kuogopa, una kitu cha kuuliza tu, na muulize inboksi, sio mbele ya watu mia tatu: "Dada samahani, biashara ya Ijumaa naweza kuanza kuposti Alhamisi baada ya magharibi ama ningoje asubuhi?" Basi. Sijaona admini anayemtoa mtu kwa kuuliza, wengi wanashukuru manake kazi ile hawalipwi, wanashinda kufuta matangazo ya mikopo na linki za zawadi za uongo, mtu akija kuuliza sheria kwa heshima wanamshika vizuri.

Yule wa madera, wewe uliona mwisho wake tu. Walichoambiana inboksi kabla ya hapo hukijui, pengine ashaonywa mara nyingi, pengine ameonewa kweli. Kama una namba yake mpigie umjulie hali, kutolewa mbele ya wenzako kunauma. Na mwambie linki haitamrudisha, mtu akishatolewa ni mpaka admini mwenyewe amwongeze tena, kwa hivyo njia ni kumpigia admini wazungumze.

Haya tuseme mtoto kabonyeza kweli, saa nne usiku stika ya paka imeingia kwenye grupu. Shikilia ile stika, futa, halafu uangalie vizuri unachagua nini, manake ukichagua kufuta kwako peke yako itatoka kwenye simu yako wengine wote wanaiona, na wengi wenye haraka huingia hapo hapo. Ukikosea WhatsApp inakupa sekunde 5 za kurudisha nyuma, ndio ufute kwa kila mtu. Hata ukichelewa kugundua una zaidi ya siku 2 za kufuta, na kama ni maandishi yamekwenda kombo unaweza kuyarekebisha ndani ya dakika 15. Itabaki alama kwamba kuna ujumbe umefutwa, wacha ibaki, asubuhi andika mstari mmoja, "samahanini, mtoto alishika simu," sio usiku ule ule ukavunja sheria mara ya pili ukiomba radhi. Mstari mmoja mwanangu, usiandike barua. Na huko kuchungulia nani kasoma nani kanyamaza acha kabisa, watu wako jikoni, wako kwenye feri, wako kwenye tuktuk bando limeisha, kunyamaza kwao hakukuhusu.

Sasa picha. Hapa ndipo ningetaka ushtuke kidogo. Yule mtoto si wako, umeniambia mwenyewe, na katoka shule, maana yake kavaa yunifomu, na ukiivuta picha nadhani nembo ya shule kwenye shati inasomeka, uso unaonekana, na mtu yeyote kati ya hao mia tatu usiowajua anaweza kupiga skrinshoti akajua mtoto anasoma wapi. Sheria za grupu yako hazikutaja hilo na admini huenda asikuambie neno, lakini kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayotaka idhini ya mzazi ama mlezi kwa mambo ya mtoto, na wewe hapo unafanya biashara, humtumii mamako picha ya familia. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Sisemi watakuja kwako Likoni kwa sinia ya mahamri, nasema mwenye mtoto yuko mlango wa pili na hujamuuliza.

Mgongee leo. Muoneshe picha yenyewe, mwambie itakwenda wapi na ni watu wangapi, na akisita usimbembeleze, hata kama mnapikiana. Hilo ndilo la kukukosesha usingizi kidogo, sio stika.

Akikataa piga nyingine ya mahamri peke yake yakiwa bado ya moto, na bei na namba yako ya oda uiandike hapo hapo chini ya picha, watu wasije wakakuuliza mmoja mmoja mpaka saa tatu ikapita.