Kupasha joto banda la vifaranga kwa jua: kwa fundi na mfugaji anayeanza

Wengi wanaoingia kwenye kazi hii wamezoea sola ya taa, redio na kuchaji simu. Siku mteja wa nyanda za baridi za Njombe au Makete anapokuja na ombi la kupasha joto banda la vifaranga, wanaona ni kazi ileile, imekua kidogo tu. Sivyo. Mama mfugaji atakuuliza, "Fundi, mbona taa zangu tatu zinawaka mpaka asubuhi? Hii balbu moja inashindikanaje?" Mjibu kwa hesabu, taratibu, kabla hajatoa hela yake.

Taa yake moja ni wati 5. Balbu nyekundu ya vifaranga ni wati 250, sawa na taa zake 50 zikiwaka kwa pamoja. Iwashe saa kumi na mbili jioni, uizime saa kumi na mbili asubuhi: wati-saa 3,000. Ongeza kinacholiwa na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, unafika kama 3,300. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 200 inabeba wati-saa 2,400, lakini ukitaka idumu usiivute zaidi ya nusu, kwa hiyo halali yako ni 1,200. Ni betri tatu, pamoja na paneli zisizopungua wati 900 za kuzijaza, kwa ajili ya balbu inayotosha vifaranga kama 100. Na zikija siku mbili za ukungu mfululizo, jambo ambalo kule halimshangazi mtu, mfumo mzima umelala. Ukikimbilia lithiamu, itakuruhusu kuivuta zaidi, ila betri za aina hiyo zinazouzwa kwa sola hazitaki kuchajiwa kukiwa na baridi ya chini ya nyuzi 0, na kule Kitulo mwezi wa saba nyasi zinaamka nyeupe kwa sakitu. Iweke ndani, mbali na ukuta wa bati.

Haina maana kwamba haiwezekani. Ila usianzie hapo. Na kama nguzo ya umeme iko jirani, mwambie mteja avute umeme; usimuuzie paneli kwa kuwa tu wewe ndiye unayeuza paneli.

Anzia kwenye banda lenyewe. Bati tupu usiku halizuii baridi hata kidogo. Piga dari, hata ya viroba vilivyoshonwa, juu yake mwaga maranda makavu. Mkoa wenye mashine za mbao nyingi kama Njombe hauna sababu ya kukosa maranda. Sakafuni weka ya kimo cha vidole vinne hivi, maana baridi ya saruji huwapanda vifaranga kupitia miguuni. Halafu usipashe banda zima. Vifaranga 100 wa wiki ya kwanza wanahitaji kinengunengu tu, duara la hadibodi lenye kifuniko kinachoacha upenyo wa kupitisha hewa. Joto la nyuzi 33 ndani ya duara lile ni kazi ndogo. Nyuzi 33 ndani ya banda zima ni kupasha anga la Makete.

Sasa joto lenyewe. Paneli nzuri inageuza kama sehemu moja ya tano ya jua kuwa umeme, na umeme huo ukiupitisha kwenye betri na inveta unapungua tena, kisha mwishoni unaugeuza kuwa joto, kitu ambacho jua lilikuletea likiwa tayari. Lichukue likiwa joto. Hapo ndipo maji yanapozishinda betri kwa mbali. Dumu moja la lita 20 likishuka kutoka nyuzi 55 hadi 35 linatoa kama wati-saa 465. Madumu matano yanatoa zaidi ya wati-saa 2,300, karibu na halali ya betri mbili kati ya zile nilizozitaja, na dumu ukilitunza halichoki baada ya miaka mitatu. Maji ya moto utayapata kwenye hita ya sola ya juu ya paa, ile ya mirija ya vioo. Siku ya jua nyuzi 60 ni kawaida yake, hata kukiwa na baridi ya nje.

Namna ya kuyatumia: jioni weka madumu matatu ndani ya kinengunengu, kila moja limefungwa gunia, kwa sababu kifaranga akilalia plastiki ya nyuzi 60 ataungua. Mawili yabaki kwenye boksi lililoshindiliwa maranda pande zote, yaingie saa sita usiku. Hakikisha vifuniko vimekazwa. Maji yakivuja kwenye maranda umeikaribisha kuhara damu, na hapo joto lote ulilolitengeneza halina faida tena.

Mchana tumia sanduku la hewa. Ni boksi la mbao, ndani bati lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, juu kioo, tundu chini la kuvuta hewa ya bandani na tundu juu la kuirudisha ikiwa moto. Ukiwa Njombe lielekeze kaskazini, maana mwezi wa sita jua la saa sita mchana linakuwa limelala upande huo kwa nyuzi 32 hivi kutoka utosini. Vijana wengi wanalifunga likitazama popote paa linapotazama, kisha wanalaumu ukungu. Hapa ndipo paneli ndogo inapofanya kazi yake halali: feni ya kompyuta ya volti 12 inayokula wati 2 au 3, ikiwashwa na kuzimwa na themostati ndogo, swichi inayofuata joto, kama zile za inkubeta. Jioni ziba matundu yote mawili. Usipoyaziba, kioo kikipoa sanduku litaanza kupoza banda badala ya kulipasha.

Mfugaji atataka kuziba kila upenyo wa banda. Mkatalie. Amonia, hewa kali inayotoka kwenye kinyesi, inaweza kuua vifaranga, na kama siku ya mawingu ataleta jiko la mkaa, moshi usioonekana wa mkaa utamuua hata yeye. Acha nafasi ya hewa juu, karibu na dari, upande usiopigwa na upepo.

Kipimajoto kining'inie usawa wa mgongo wa kifaranga. Nimekiona mara nyingi kimetundikwa usawa wa macho ya mwenye banda, na namba yake haimsaidii mtu. Hata hivyo waamini vifaranga kwanza. Wakirundikana chini ya joto na kulia, wana baridi. Wakikimbilia ukingoni midomo wazi, wamezidiwa na joto. Wakisogea wote upande mmoja, kuna upepo unaopenya upande wa pili. Usiongeze dumu, tafuta tundu.

Kila wiki punguza nyuzi 3 hivi. Wiki ya tatu madumu mawili yanaweza kutosha, na manyoya yakishaenea, kwa kawaida baada ya wiki ya nne, usiku usio na baridi kali madumu hayahitajiki tena. Mweleze mteja mapema, ili apange kundi linalofuata kabla vifaa havijakaa bure, na maji ya moto yaliyobaki aoshee vyombo vya kunyweshea.