Dokta, mama atapasuliwa shingo huku yuko macho?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu mkono wa kulia ulikufa ganzi kama dakika kumi hivi na maneno yakawa hayatoki, ikaisha yenyewe tukadhani uchovu. Kupimwa, mshipa wa shingo upande wa kushoto umeziba zaidi ya asilimia 70, wanataka wamfanyie oparesheni haraka. Kilichonitisha, wamesema hatolazwa usingizi, anachomwa ganzi ya shingo tu alafu anapewa mdoli wa mpira aminye!! Jirani yetu yeye alilazwa kabisa akabandikwa nyaya kichwani, anasema hiyo ndo ya kisasa. Tukatae? – Binti mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba binti, pole. Msikatae, na haraka yao ni ya haki, maana baada ya dalili kama zile kiharusi chenyewe kinaweza kufuata ndani ya siku chache.

Huo mdoli, ule unaolia ukiminywa, sio utani. Ili kutoa mafuta yaliyoganda ndani ya mshipa wa karotidi, ndo huo wa shingo unaopeleka damu kwenye ubongo, daktari anaubana juu na chini damu isipite, na kwa muda huo upande wa kushoto wa ubongo unaishi kwa damu ya kuazima kutoka karotidi ya pili na mishipa miwili ya nyuma ya shingo, yote inakutana chini ya ubongo kwenye duara alilolieleza Mwingereza Thomas Willis mwaka 1664. Sasa watu kibao duara lao halijakamilika, na kwenye picha linaweza kuonekana zuri tu kumbe mshipa ukibanwa halitoshi. Ndo maana mama atashikishwa mdoli mkono wa kulia, ule unaoendeshwa na ubongo wa kushoto, ataambiwa minya, hesabu, taja jina. Mdoli ukinyamaza au maneno yakaanza kugongana, wanapandisha presha au wanapitisha kimrija cha plastiki kinachorudisha damu juu wakati kazi inaendelea.

Aliyelala hawezi kuminya kitu, kwa hiyo zile nyaya za jirani zinasoma umeme wa ubongo. Kawaida kila gramu 100 za ubongo zinapata kama mililita 50 za damu kwa dakika, ikishuka karibu na 20 mawimbi ya haraka yanaanza kupotea. Kuna na Dopla ya pembeni ya kichwa, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachofuata damu inavyopita, hii naipenda kwa sababu inasikia hadi vipande vidogo vikipita kuelekea kwenye ubongo, vinalia kama kifaranga. Kile cha kubandika kwenye paji la uso kupima oksijeni ni rahisi ila kinaona hapo mbele tu.

Ipi bora? Utafiti wa GALA wa mwaka 2008 ulikuwa na wagonjwa 3,526, na waliopata kiharusi, shambulio la moyo au kufariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 4.8 kwa waliolazwa na 4.5 kwa waliokuwa macho, yaani ngoma droo. Mimi kwa kupima ubongo bado naamini mtu anayeongea kuliko mashine, mashine hupiga kelele bure na saa nyingine hunyamaza pasipotakiwa. Lakini kama mama anakohoa sana au hawezi kutulia, alazwe tu.

SWALI: Sasa si kila mtu awekewe hicho kimrija tuache kubahatisha?

JIBU: Wapo madaktari wanaofanya hivyo. Shida kimrija chenyewe kinaweza kuchubua mshipa au kusukuma uchafu juu, na viharusi vingi vya oparesheni hii vinaletwa na vipande na madonge ya damu kuliko kukosa damu wakati mshipa umebanwa. Kwa hiyo hata kipimo kikiwa safi mwanzo mwisho, akitoka ataambiwa tena aongee, atoe ulimi, anyanyue mikono, na presha itachungwa kwa karibu sana, kwa sababu ubongo uliozoea damu kidogo ukimwagiwa nyingi ghafla unaweza kuvimba au kuvuja. Hiyo inaweza kutokea hata siku kadhaa baadaye mkiwa nyumbani, akilalamika kichwa kinauma vibaya upande uleule wa oparesheni usimpe dawa ya maumivu ukasubiri asubuhi, mrudishe hospitali usiku huohuo.