Napinga kutoa mimba, lakini muuaji anyongwe

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni Mkatoliki, napinga kutoa mimba kwa moyo wote. Ila waliomkata kaka yangu kwa mapanga nataka wanyongwe. Shemeji ananiita mnafiki. Ni kweli?
Dada wa Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Sioni unafiki hapo, naona kidonda kibichi. Unasema mtoto wa tumboni hana kosa, muuaji analo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kama sababu yako ni kwamba uhai ni wa Mungu, basi hata wa muuaji ni wake. Kanisa lako liliikubali adhabu ya kifo kwa karne nyingi, hadi mwaka 2018 Papa Fransisko alipobadilisha Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, kusema haikubaliki. Hapa Tanzania hukumu ya kifo bado hutolewa, ingawa hajanyongwa mtu tangu 1994. Na sheria yetu haimhukumu kifo mwanamke mjamzito, humpa kifungo cha maisha. Mimi mkunga wa zamani naipenda sana sheria hiyo. Ila najiuliza: akishajifungua, yeye mwenyewe si mtoto wa mtu?

Wafungwe maisha, mwanangu. Hapo nasimama nawe. Niandikie tena, unisimulie kaka yako alivyokuwa.