Kwa Mgeni wa Bunilizi za Kisayansi: Tazama na Waliosimama Chini ya Puto

Ndugu mgeni, ikiwa unajiunga na kikundi chetu cha wapenzi wa bunilizi za kisayansi, yaani hadithi za kubuni zinazojengwa juu ya sayansi, hapa Mbeya ukiwa umekwisha kutazama filamu nyingi za vyombo vya angani lakini hujapata kusoma riwaya hata moja ya aina hiyo, usione haya. Wengi wetu tuliingia kwa mlango huo huo, yaani kibanda umiza chenye mabenchi ya mbao, ambako sauti ya mtafsiri hupanda juu ya sauti za waigizaji na kuongeza utani ambao mwandishi wa filamu hakuuwaza. Nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu wa fizikia nilipotambua kwamba roboti niliyempenda tangu utotoni hakuwahi kusema yale maneno ya kuchekesha niliyoyakariri. Yalikuwa ya mtafsiri, na mpaka leo nayaona bora kuliko ya asili.

Kosa langu la kwanza, nilipoanza kuwakusanya wenzangu katika chumba cha kupanga karibu na Mwanjelwa, lilikuwa kuwapa wageni historia badala ya hadithi. Niliandika ubaoni orodha iliyoanza na Frankenstein ya Mary Shelley ya mwaka 1818, nikapita kwa mwandishi Mwingereza H. G. Wells na mashine yake ya kusafiri katika wakati ya mwaka 1895, nikafika kwenye neno roboti, ambalo Karel Čapek, kwa pendekezo la kaka yake Josef, alilitoa katika neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa na kuliingiza katika tamthilia ya mwaka 1920. Yote yalikuwa kweli, na yote yaliwachosha. Walikuja watu kumi na mmoja. Wiki ya tatu tulikuwa watatu, mmoja wao akiwa ndiye mwenye chumba, ambaye nadhani alikuja kuangalia taa zake.

Siku hizi mgeni huanza na filamu ya Wanuri Kahiu wa Kenya iitwayo Pumzi, iliyotoka mwaka 2009, kwa sababu haifiki nusu saa na kwa sababu jina lake halihitaji kufasiriwa. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa baada ya vita vya maji. Jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena. Hata kuota ndoto kunadhibitiwa, maana anayeota mti wa kijani huamriwa ameze dawa. Ninapoionyesha, husimamisha picha pale Asha, mhusika mkuu, anapopima udongo uliofika mezani kwake ndani ya kisanduku na kuona kwamba una unyevu, kisha huwauliza wageni: ni kitu gani kimoja kilichobadilishwa katika dunia hii, na badiliko hilo limegusa nini kingine? Mama mmoja mkulima wa viazi kutoka Uyole, aliyekuja kumfuata mwanawe tu, alijibu kabla ya wote: "Maji yakikosekana, anayeyagawa ndiye serikali." Tangu siku hiyo sijapata njia fupi zaidi ya kueleza jinsi hadithi hizi zinavyofanya kazi. Mwandishi hubadilisha jambo moja, kisha hulifuatilia bila huruma mpaka jikoni, sokoni na mahakamani.

Baada ya hapo ndipo tunaingia katika vitabu, na cha kwanza ninachokupa ni kimojawapo cha vile ambavyo wapenzi wengi huviruka: Majuma Matano Ndani ya Puto, kama ninavyokiita kwa Kiswahili, cha mwandishi Mfaransa Jules Verne, kilichotoka mwaka 1863. Nimekichagua kwa sababu puto linapaa kutoka Zanzibar, linavuka bara zima na kuishia Senegal, kwa hiyo mtaalamu wa Kiingereza aliyemo ndani yake anapita juu ya ardhi tunayoifahamu kwa miguu. Kisome mara mbili. Mara ya kwanza kisome kama fundi. Verne anadai kwamba puto hupanda na kushuka bila kutupa mizigo, kwa kuipasha moto gesi iliyomo ndani yake, na kwamba moto huo unatokana na gesi zinazopatikana kwa kuyatenganisha maji kwa umeme wa betri. Jamaa yetu mmoja, fundi wa betri za magari, aliusikiliza ukurasa huo, akaomba urudiwe, kisha akasema kwamba moto huo hauwezi kutoa nguvu zaidi kuliko ile iliyoingizwa na betri, na betri ya kutosha kazi hiyo ingekuwa nzito kuliko puto lenyewe. Alikuwa sahihi. Kupata kosa kama hilo si kukivunja kitabu. Ni sehemu ya raha yake, na usimruhusu mtu akuambie kwamba unaharibu starehe.

Mara ya pili kisome ukiwa umesimama chini. Puto linafika Kazeh, mji ambao leo tunauita Tabora, na Verne anawaonyesha wenyeji wakidhani kwamba mwezi umeshuka kuwatembelea, hadi mwezi wa kweli unapochomoza na udanganyifu kufichuka. Kisha mganga mmoja ananaswa na nanga na kupaishwa angani akining'inia. Wasomaji wa Ulaya walicheka. Sisi tunajua kwamba Kazeh ya wakati ule ilikuwa kituo cha misafara ya biashara, na kwamba wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakienda pwani na kurudi, wakiona majahazi, bunduki na nguo za kutoka ng'ambo. Hivyo zoezi la kila mgeni ni moja: liandike upya tukio hilo kwa ukurasa mmoja kwa macho ya mganga aliye kwenye nanga. Binti mmoja wa kidato cha tano alimfanya mganga ahesabu vijiji anavyovipita ili ajue njia ya kurudi, akaacha kulia mara tu alipogundua kwamba kutoka juu angeweza kuona visima vyote vya nchi yake. Sijasoma sura bora kuliko hiyo katika kitabu cha Verne mwenyewe, na nasema hivyo nikiwa mpenzi wake.

Hesabu usiziogope, wala usizikwepe. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kinakwenda takriban kilomita 17 kila sekunde. Nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua iko umbali wa miaka ya mwanga 4.2, na mwaka mmoja wa mwanga ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja, karibu kilomita trilioni 9.5. Gawanya, na utaona kwamba kwa mwendo huo safari ingechukua zaidi ya miaka 70,000. Ukishaifanya hesabu hiyo kwa mkono wako, utaelewa kwa nini waandishi hulaza abiria usingizi wa karne nyingi, au hubuni njia za mkato, au hukiri tu kwamba wanaofika si wale walioondoka.

Kuhusu lugha nitasema kwa ufupi. Usikubali kwamba aina hii ya hadithi ni ngeni katika Kiswahili. Shaaban Robert aliiweka Kusadikika angani mwaka 1951 na kutuma wajumbe pande sita, ingawa tunabishana kila mwaka kama hiyo ni bunilizi ya kisayansi au ni fumbo la siasa tu. Mimi niko upande wa fumbo. Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, iko karibu zaidi, maana mhukumiwa anarushwa ndani ya chombo na kufika nchi ambayo jina lake, ukilitamka polepole, linasema wale ni sisi.

Sasa adabu za ushabiki. Mkutano wa kwanza wa dunia wa mashabiki hawa ulifanyika New York mwaka 1939 na ulikuwa na watu wapatao mia mbili, wawili kati yao wakiwa wamevaa mavazi ya wakati ujao yaliyoshonwa na mmoja wao, Myrtle Douglas. Nalitaja hilo kwa sababu kuna wanaowacheka vijana wetu wanaochagua makoti ya mtumba na kumpelekea fundi cherehani ayageuze kuwa sare za wanaanga. Mchezo huo una umri sawa na mikutano yenyewe. Jambo ninalolikataza ni mtihani wa mlangoni. Nilipata kumuuliza dada mmoja aliyejitambulisha kuwa mpenzi wa Star Trek, tamthilia ya televisheni ya Marekani kuhusu safari za angani, ataje majina ya mabaharia wote wa chombo kile. Akanijibu kwa upole kwamba anamjua mmoja, Uhura, kwa kuwa jina lake limetokana na neno letu uhuru, kisha hakurudi tena. Kosa lilikuwa langu, na sikupata nafasi ya kumwomba radhi.

Mwishoni mwa msimu wa baridi huwa tunakwenda Mbozi, mkoani Songwe, kukitazama kimondo. Ni chuma kwa karibu asilimia 90, kina urefu wa kama mita tatu, na uzito wake unakadiriwa kuwa tani 16. Wanasayansi walikifahamu mwaka 1930. Udongo wa kukizunguka ulichimbwa, kikaachwa juu ya kiguzo chake, wala huoni shimo kubwa ambalo ungetarajia kitu kizito namna hiyo kilichimbe kilipoanguka. Usisome kibao cha maelezo kwanza. Weka kiganja juu ya chuma asubuhi kikiwa bado baridi, kaa kwenye nyasi, uandike nusu ukurasa kuhusu mtu aliyekuwa analima karibu usiku ule kilipofika, na kama hukubali kwamba palikuwa na mkulima wakati huo, andika kuhusu mnyama. Tunapanda basi la Tunduma alfajiri na kushuka njia panda ya kimondo. Beba sweta, daftari na chakula, kwa maana mahindi ya kuchoma ya njiani huisha kabla hatujafika.