Anzeni na kilichoharibika

Vijana mliojiunga nasi wiki hii hapa karakanani Nyakato, mmoja wenu aliniuliza, "Fundi, mtu anavumbuaje kitu?" Nikampa karabai, taa ya pampu ya mafuta ya taa, iliyoziba nikamwambia aifungue. Naona hakufurahi, kwa hiyo acha nijieleze.

Mmesikia kwamba shida ndiyo huzaa uvumbuzi. Mimi naamini nusu tu. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria hili wana shida ya mafuta ya taa tangu mimi mtoto. Usiku wa giza karabai inawashwa juu ya boya, dagaa wanafuata mwanga, asubuhi hela nyingi ya mauzo inarudi kwa muuza mafuta. Shida ilikuwepo miaka yote hiyo, tena ya kutosha kabisa. Kilichokosekana ni vipande. Taa nyeupe za LED tunazofunga leo zilisubiri kwanza LED ya bluu yenye mwanga mkali, na hiyo ilipatikana Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanasayansi Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo mwaka 2014. Sidhani kama kuna aliyekuwa akimfikiria mvuvi wa Ukerewe.

James Watt naye hakuvumbua injini ya mvuke, ingawa wengi husema hivyo. Ya Mwingereza Thomas Newcomen ilikuwa ikivuta maji migodini tangu 1712. Watt alikuwa fundi wa vyombo pale Chuo Kikuu cha Glasgow, na kati ya 1763 na 1764 akaletewa modeli ndogo ya injini hiyo ya Newcomen, mbovu, aitengeneze. Angeweza kuitengeneza, akalipwa, akalala. Lakini aliona kila pigo silinda inapashwa moto, inamwagiwa maji ipoe, kisha inapashwa tena. Mvuke mwingi ulikuwa unaishia kupasha chuma! Mwaka 1765 akapata jibu: mvuke ukapoezwe kwenye chombo cha pembeni, silinda ibaki ya moto.

Hapo ndipo wengi huishia kusimulia, na mimi naona utamu ndiyo unaanza. Miaka kama kumi ikapita bila injini ya maana, kwa sababu hakuna aliyeweza kuchonga silinda kubwa ikawa duara sawasawa. Mvuke ulipenya pembeni mwa pistoni. Aliyemkwamua ni John Wilkinson, mwenye viwanda vya chuma, ambaye mwaka 1774 alipata njia mpya ya kutoboa mizinga ya vita. Ufundi wa mizinga ukachonga silinda, mfanyabiashara Matthew Boulton akatoa mtaji, na 1776 injini zikaanza kazi. Kwa hiyo msijifungie na wachomeleaji wenzenu. Pitieni kwa washona viti, kwa wanaofunga redio, hata kwa wauza mitumba.

Taa yangu ya kwanza ya uvuvi niliijaribu hapa ndani ya beseni, ikawaka usiku kucha. Ziwani ilidumu siku tatu. Mzee niliyemwuzia akairudisha maji yakicheza ndani ya kioo, akaniambia, "Fundi, hii taa ni ya mezani." Ilivuja kwenye tundu la waya: katika beseni waya umetulia, ziwani wimbi linauvuta huku na huku hadi alfajiri. Mimi nikaanza kutafuta gundi kali zaidi. Yeye akaokota kandambili iliyokatika, akakata kipande cha duara, akakitoboa kwa msumari mwembamba kuliko waya, akaupenyeza waya kwa nguvu. Raba ikaubana, na wimbi likivuta inavutika nao. Tangu siku hiyo sijatumia gundi peke yake.

Nunueni daftari, si la notsi zangu, ni la kuandika kila kitu kinachorudi kimeharibika, kimeharibikia wapi na kilikuwa kikifanya nini. Aliyepewa karabai aimalize leo. Kesho jioni tunashuka Igombe kulala na wavuvi; leteni sweta, na mwenye kandambili mbovu asiitupe.