Kikombe cha mafahali: ni dhahabu kweli, na kinasafishwaje?

SWALI: Naishi Ujerumani, karibu na Stuttgart. Kwenye soko la vitu vikuukuu nilinunua kikombe cha rangi ya dhahabu chenye mkono mmoja, kimezungukwa na mafahali na watu wanaowakamata. Muuzaji alisema ni cha Ugiriki ya kale. Ukingoni rangi imelika, panaonekana wekundu, na chini ya mkono kuna ukoko wa kijani. Sumaku haikishiki. Je, ni dhahabu? Naweza kukisugua kwa ndimu na majivu kama tulivyofanya kwa vyombo vya shaba nyumbani Tanga?

JIBU: Ndimu ibaki ya samaki. Nitaeleza kwa nini, ila tuanze na chombo chenyewe.

Kwa maelezo yako, hiyo ni nakala ya kimojawapo cha vikombe viwili vya Vapheio, mahali palipo karibu na Sparta, Ugiriki. Vya asili ni dhahabu tupu, vya karne ya 15 hivi kabla ya Kristo. Mwanaakiolojia Mgiriki Christos Tsountas alivifukua mwishoni mwa miaka ya 1880 katika kaburi la hapo, na sasa vimo katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, Athens. Kaburi ni la Ugiriki bara, lakini wataalamu wengi wanaona kwamba angalau kikombe kimoja ni kazi ya mafundi Waminoa, watu wa kale wa kisiwa cha Krete. Kitazame chako: kikionyesha fahali aliyenaswa wavuni na mwingine anayewaangusha watu, ni nakala ya kile kiitwacho cha vurugu; kikionyesha mtu anayemfunga fahali kamba mguuni, huku mnyama kashughulika na jike, ni nakala ya kile cha upole, ambacho ndicho kinachodhaniwa kuwa cha Krete.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Émile Gilliéron, mchoraji Mswisi aliyeishi Athens, pamoja na mwanawe wa jina hilohilo, waliuza nakala za vyombo kama hivi. Ziliundwa na WMF, kiwanda cha vyombo vya metali mjini Geislingen, si mbali na hapo ulipo, na makumbusho makubwa, Metropolitan ya New York ikiwemo, yalizinunua. Lakini si wao peke yao walionakili, na nakala za watalii zinatengenezwa hadi leo. Kwa hiyo geuza kikombe, tafuta mhuri kitakoni, kisha angalia kimeundwaje.

Nakala za Gilliéron hazikumiminwa. Zilioteshwa kwa umeme. Fundi alipaka unga wa grafiti ndani ya kalibu ili ipitishe umeme, akaizamisha katika maji ya mrututu, na shaba ikajijenga humo tabaka juu ya tabaka. Mwisho ikachovywa dhahabu. Uso uliogusa kalibu hutoka na kila alama ya nyundo ya sonara wa kale, ila upande wa pili wa bamba la shaba hubaki na vinundu vinundu. Kikombe cha asili kina mabamba mawili ya dhahabu, la ndani laini likificha kasoro za lile la nje, na nakala nzuri huiga hata hilo. Basi mulika tochi kwenye kiungo cha ukingo. Ukiona vitundu vya mapovu, na ncha za pembe zimepoteza ukali, hicho kimemiminwa, na huenda si cha zamani.

Ule wekundu umeshajibu swali la dhahabu: chini ni shaba. Sumaku haisaidii hapa, maana haivuti dhahabu wala shaba. Wala usikipeleke kwa sonara akikwaruze kwenye jiwe lake. Atapima ngozi tu na kukuachia kovu. Wengine watakushauri upime uzito ndani ya maji. Dhahabu safi ina gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo, shaba karibu 9, hesabu ni rahisi. Lakini hewa ikinaswa kati ya mabamba mawili, jibu litakuwa la uongo, na maji yakipenya humo hayatoki kirahisi.

Sasa ndimu. Dhahabu ya kuchovya ni nyembamba mno kuliko unywele. Majivu yataikwangua, na asidi itapenya palipochubuka na kuila shaba. Dawa ya meno na dawa za kung'arisha shaba ni vivyo hivyo. Futa vumbi kwa brashi laini. Mafuta ya vidole yaondoe kwa pamba iliyoguswa spiriti kidogo, lakini jaribu kwanza mahali pasipoonekana: ikiwa kuna laka ya zamani, spiriti itaiyeyusha. Ukoko wa kijani ulio mgumu uache. Ukiwa ungaunga wa kijani hafifu unaorudi kila ukiufuta, kuna chumvi ya kloridi inayoendelea kuila shaba. Hapo kiweke kwenye kisanduku kinachofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, kisha umtafute mhifadhi wa metali.

Na usikinywee, hasa juisi au divai: vinywaji vyenye asidi huyeyusha shaba, na shaba hiyo utaimeza.